Rezista ya wati ngapi? Umeipigia hesabu betri iliyolala

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi nafunga taa za LED kwenye bodaboda hapa Morogoro. Taa yangu ina LED tatu nyeupe za wati moja moja, nimezipanga mstari mmoja, halafu naweka rezista ya omu 8.2 kupunguza umeme wa betri. Nilipiga hesabu nikapata wati 1.1, nikanunua rezista za wati 2 ili niwe salama. Wiki mbili tu wateja wanarudi: rezista imekuwa nyeusi, bodi imeungua kahawia. Omu nilizofunga ni zilezile za kwenye hesabu. Jirani yangu kijiweni anasema niweke ya wati 10 nilale usingizi. Nifuate hesabu au nimfuate jirani? Na mtu anajuaje wati za rezista wakati rangi zake hazisemi?

JIBU: Nzuri, ndugu. Hesabu yako haina kosa, ila umeipigia betri iliyolala, na bodaboda hailali.

Tuifungue upya. Betri ya volti 12 ikiwa imejaa na pikipiki imezimwa husoma kama volti 12.6. LED nyeupe ya wati moja hula kama volti 3.2, kwa hiyo tatu zinachukua 9.6. Zinabaki volti 3 za kuangukia kwenye rezista. Volti 3 gawa kwa omu 8.2 unapata ampea 0.37, karibu sawa na ile 0.35 ambayo LED ya wati moja inaitaka. Volti 3 mara ampea 0.37: wati 1.1. Hapo ndipo ulipoishia, na mpaka hapo uko sawa.

Sasa dereva anapiga kiki. Injini ikishachanganya, regyuleta inaipandisha betri hadi volti 14.4 hivi ili ichaji. LED hazijali, zenyewe zinabaki karibu na 9.6 yao. Ziada yote inaiangukia rezista. Badala ya volti 3 inabeba 4.8, ampea zinakuwa 0.585, na wati zinakuwa 2.8. Kwa vitendo itapungua kidogo, maana LED nayo huongeza volti kidogo ikisukumwa zaidi, lakini si kwa kiasi cha kukuokoa. Rezista ya wati 2 inabebeshwa karibu wati 3, imefungiwa ndani ya kopo la taa lisilopitisha hewa, usiku mzima dereva akiwa barabarani. Mimi nashangaa hata hizo wiki mbili ilizivukaje.

Ukitazama namba hizo vizuri utaona jambo. Volti za betri zimepanda kwa sehemu moja ya saba tu. Ampea zimepanda kwa asilimia 60. Joto la rezista limepanda mara mbili na nusu. Hiyo ndiyo tabia ambayo James Prescott Joule, kijana wa Salford pale karibu na Manchester ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha bia, aliipima mwaka 1840: joto la waya hufuata ampea mara ampea. Mkondo ukizidi mara mbili, joto linazidi mara nne. Ndiyo maana kosa dogo la volti, ambalo kwenye karatasi halionekani, kwenye rezista linatoa moshi.

Tuje kwa jirani yako. Ukiweka ya wati 10 yenye omu zilezile 8.2, rezista itapona kweli. Lakini LED bado zitasukumiwa ampea 0.585 badala ya 0.35. Leo anarudi mteja mwenye rezista nyeusi. Baada ya muda atarudi mwenye LED zilizofifia na kugeuka za bluu, na LED ndizo zenye bei. Ile rezista iliyoungua ilikuwa inakuletea taarifa kwamba omu zako ni chache kwa volti zilizopo, na jirani anakushauri umzibe mdomo mleta taarifa.

Kwa hiyo anza na omu, wati zije baadaye. Piga hesabu kwa volti 14.4: zinabaki 4.8, gawa kwa 0.35 unapata omu 13.7. Dukani hiyo hupati kirahisi, chukua 15. Injini ikiwaka utakuwa na ampea 0.32 na wati 1.54. Injini ikizimwa ampea zitashuka hadi 0.2, taa itafifia kidogo, hakuna aliyekufa kwa hilo.

Sasa itafute siku mbaya kabisa ya rezista hiyo. Regyuleta za pikipiki hazifanani, kuna zinazoachia hadi volti 15. LED nazo hazifanani, kuna zinazokula volti 3.0 tu kila moja. Hayo mawili yakikutana kwenye pikipiki moja, rezista inabeba volti 6, ampea 0.4, wati 2.4. Namba hiyo ndiyo ya kwenda nayo dukani. Mimi huizidisha mara mbili, 4.8, halafu napanda hadi saizi inayouzwa: wati 5. Kwa hiyo jibu la swali lako ni omu 15, wati 5. Umeona jirani hakukosea sana upande wa wati. Alikosea kuziacha omu pale zilipo.

Kwa nini mara mbili, wakati ya wati 3 ingetosha kwenye karatasi? Kwa sababu wati zinazotajwa kwenye rezista ni ahadi yenye masharti, na sharti kubwa ni hewa inayoizunguka. Kwa rezista nyingi za kaboni na za utando wa metali, hizi ndogo za kawaida, mtengenezaji anakuahidi wati kamili mradi hewa ya pembeni haizidi nyuzi 70 za Selsiasi. Ikizidi hapo ahadi inapungua kidogo kidogo kwa mstari ulionyooka mpaka inafika sifuri, mara nyingi kwenye nyuzi 155. Hesabu yake ni nyepesi: tuseme ndani ya kopo la taa, karibu na LED zenyewe, hewa imefika nyuzi 100. Toa 100 kwenye 155, zinabaki 55. Gawa kwa 85, ambayo ni tofauti ya 155 na 70. Unapata asilimia 65 hivi. Rezista uliyoinunua kama ya wati 2 humo ndani ni ya wati 1.3. Haijapungua kitu, ila iko mahali ambapo haina pa kutupia joto.

Na hata pale inapotimiza ahadi, kutimiza kwenyewe si kuzuri. Rezista ya simenti ya wati 5, ile nyeupe ya mraba kama kipande cha chaki, ukiibebesha wati 5 kamili kwenye hewa ya wazi mwili wake unaweza kupita nyuzi 200. Yenyewe haijali, imetengenezwa kwa hilo. Lakini lehemu ya bati na risasi tunayotumia huanza kulainika kwenye nyuzi 183. Nimeshapokea bodi ambayo rezista yake ilidondoka yenyewe, nzima kabisa, inapima vizuri, imeyeyusha lehemu ya miguu yake ikaanguka. Na kapasita iliyo karibu nayo inaumia kimyakimya: kwa kapasita za elektroliti, kila joto likiongezeka nyuzi 10, umri wake unakatika nusu hivi. Ule ukahawia uliouona kwenye bodi ni maandishi ya joto hilo hilo.

Kwa hiyo kwenye hewa ya wazi, zidisha mara mbili. Ndani ya kopo lililofungwa, au juu ya injini, mara tatu haina ubaya. Na kwenye kazi ndogo usihangaike: taa ya kuonyesha kwamba mashine imewaka, LED ndogo kwenye volti 12 na rezista ya 1K, yaani omu 1,000, inakula miliampea 10 na kutoa wati 0.1. Robo wati inatosha na chenji inabaki.

Rangi, kama ulivyosema, hazisemi wati. Zinataja omu na kiasi cha kukosea, basi. Wati unazisoma kwa umbo. Ile ndogo uliyoizoea ya robo wati ina mwili wa kama milimita 6 kwa urefu. Ya nusu wati ni kama 9. Ya wati 1 ni kama 11. Ya wati 2 inafika 15. Beba rula au, kama mimi, bandika kwenye kadi rezista moja moja za saizi unazozijua uwe unalinganisha. Tahadhari moja: kuna viwanda vinatengeneza za wati kubwa kwenye mwili mdogo, kwa hiyo umbo dogo haimaanishi lazima wati ndogo. Ila ukiwa hujui, ichukulie kwa umbo lake. Ukikosea kwa upande huo hakuna kinachoungua. Za simenti zinajieleza zenyewe: ukikuta 5W15RJ ni wati 5, omu 15, kukosea asilimia 5. Ukikuta 8R2, ile R ni nukta, ni omu 8.2. Na zile bapa zisizo na miguu za kwenye bodi za simu na TV, tunazisoma kwa saizi: 0805 huwa ni wati 0.125, 1206 ni 0.25, na ile pana ya 2512 ni wati 1. Hizo zinategemea shaba ya bodi kupoa, kwa hiyo usiiondoe ukaibandika hewani kwa waya mbili ukategemea wati zilezile.

Kitu kingine kuhusu rangi: rezista iliyoungua inadanganya. Nyekundu hugeuka kahawia, ya chungwa hufanana na nyekundu, na omu zenyewe huwa zimeshahama. Usinunue mpya kwa kusoma rangi za maiti. Tafuta mchoro, au pima ya upande wa pili kama saketi ina pande mbili zinazofanana.

Ukikosa ya wati 5 dukani, unganisha. Rezista mbili za omu 30 sambamba zinatoa omu 15, kila moja inabeba nusu ya joto, hivyo mbili za wati 3 zinakupa 6. Zikiwa sawa zinagawana sawa. Zisipokuwa sawa kuwa macho: zikipangwa kwa mfululizo, yenye omu nyingi ndiyo inabeba zaidi, zikiwa sambamba, yenye omu chache ndiyo inayoumia. Nimeona fundi kaunganisha 100 na 10 sambamba akidhani amepata wati mara mbili, kumbe ile ya 10 inabeba karibu yote. Na ziachie nafasi katikati. Ukizibana pamoja kama vijiti vya kiberiti kila moja inampikia mwenzake.

Kwa kuwa unafunga taa, lazima siku moja utaletewa indiketa. Mteja kaweka LED kwenye indiketa za gari, zinawaka haraka haraka kama zina pepo, kwa sababu flasha, kile kifaa kinachoziwasha na kuzizima, ilizoea balbu ya wati 21 na sasa haioni mzigo. Madukani kuna rezista za kuongopea flasha, za mwili wa aluminiamu wa rangi ya dhahabu, omu 6 wati 50. Kwa volti 14.4 hiyo inatoa wati 34 na nusu kila inapowaka. Inawaka nusu ya muda tu, kwa hiyo wastani ni 17 hivi, na watu huona 17 na 50 wakasema kuna nafasi tele. Ile 50 ni pale ulipoibana kwa skrubu kwenye bati nene. Ikining'inia kwa waya hewani uwezo wake hauvuki nusu. Nimeona mpaka zilizofungwa kwa zip tai kwenye plastiki ya bampa. Gari likiharibika barabarani mwenye gari akawasha hazadi saa nzima, plastiki inayeyuka. Kama ni pikipiki au gari lenye flasha ya kuchomoa, mwambie anunue flasha ya LED, umeondoa joto lote badala ya kulitafutia pa kukaa.

Kuna mahali ambapo kuongeza wati ni kosa kubwa kuliko kupunguza, na hili nilijifunza kwa hasara yangu. Miaka ya mwanzo ya kazi nililetewa sabufa ambayo ndani yake rezista ya omu 4.7, wati 1, ilikuwa imekatika. Ilikuwa imekaa kati ya transfoma ndogo na bodi ya amplifaya. Mzigo wake wa kawaida ni ampea 0.3, ambayo ni wati 0.42. Nikaona waliotengeneza walibana matumizi, nikaweka ya simenti ya wati 5, nikajipongeza. Sikutafuta kwa nini ya kwanza ilikatika. Kwenye bodi kulikuwa na kapasita inayovuja, inakwenda shoti taratibu. Ilipofika kuvuta ampea 1, rezista yangu ilibeba wati 4.7 kwa raha zake kabisa. Ile ya wati 1 ingebebeshwa karibu mara tano ya uwezo wake, ikakatika na kuokoa kilicho nyuma yake. Transfoma haikuwa ya ampea 1. Mteja alirudi na sabufa inanuka vanishi iliyoungua, na transfoma niliinunua kwa fedha yangu.

Rezista za namna hiyo zinafanya kazi ya fyuzi. Mara nyingi ziko mlangoni mwa umeme, omu zake ni chache, kwenye chaja, kwenye balbu za LED, kwenye pawa saplai za TV. Kwenye bodi unaweza kukuta FR au F pembeni yake, na kwenye mchoro pembetatu yenye alama ya mshangao. Hizo rudisha omu zilezile, wati zilezile, aina ileile, baada ya kujua nani aliikata.

Na kuna ambazo wati zake zinatosha lakini volti ndizo zinazoiua. Mafundi TV mnazijua: TV imekufa kabisa, kumbe ile rezista ya 330K inayoamsha IC ya pawa saplai imekatika. Umeme wa volti 240 ukishanyooshwa na kulainishwa unakuwa volti 339 hivi. Tatu thelathini na tisa mara yenyewe, gawa kwa 330,000, unapata wati 0.35. Kwa ya robo wati hapo tayari imezidi. Lakini hata ukiweka ya nusu wati, angalia volti: rezista ndogo ya robo wati kwa kawaida imeruhusiwa volti 250, nusu wati 350 kwa nyingi, na uko ukingoni kabisa. Mimi naweka mbili kwa mfululizo, 180K na 150K, zote za nusu wati. Jumla ni 330K ileile. Kubwa inabeba volti 185 na wati 0.19, ndogo volti 154 na wati 0.16, na sijarudishiwa TV kwa sababu hiyo tena. Hiyo saketi ina umeme wa kuua hata ikichomolewa, kapasita kubwa inabaki imeshiba. Itoe chaji kwanza kabla ya kugusa.

Turudi kwenye taa yako. Ukishafunga hizo omu 15, usiniamini mimi wala karatasi. Washa pikipiki, vuta mafuta kidogo ili injini ipande, weka mita kwenye volti DC, gusa miguu miwili ya rezista. Ukisoma volti 4.8, izidishe yenyewe kwa yenyewe, gawa kwa 15, umepata wati 1.54 za kweli za pikipiki hiyo. Ukisoma 6 ni ile siku mbaya tuliyoihesabu. Ukisoma zaidi ya 6, acha kuhangaika na rezista, kapime betri: ikivuka volti 15 injini ikiwaka, regyuleta ya mteja imekufa na betri yake inafuata.

Ukitaka kuachana na habari hii kabisa, nunua draiva ya LED, kifaa kinachoshikilia ampea zisipande hata betri ikipanda, ya ampea 0.3 inayokubali volti 9 hadi 30 au karibu na hapo, lakini hakikisha LED zako tatu ziko ndani ya kiwango chake. Kwa mpango wa rezista, theluthi moja ya umeme wa taa, volti 4.8 kati ya 14.4, inaishia kuwa joto. Kwa taa moja ya boda si neno. Kwa mteja anayetaka taa nane mbele, ni jiko.

Rezista ya simenti usiilaze juu ya bodi. Iache isimame kama milimita 5 juu, miguu iwe mirefu kidogo maana nayo inapoza, na kwa kuwa pikipiki inatikisika, ishikilie kwa kipande cha waya mgumu au bano la bati, gundi ya moto usithubutu. Waya za taa zipitishe upande wa pili.